Mwezi Ameingia Ndani

Idi pili tulivuka daraja la Sabaki,
saba nyuma ya pikapu, na mbuzi ndiye wa nane,
tukafika nyumba ya shamba ya kina Swabra, Mambrui:
kuta za matumbawe, korosho zimezagaa uani,
wazee wamebaki mjini na wageni wao.

Hemed alikuja na kamera ya marehemu babake,
ya kutiwa ufunguo ubavuni kama saa ya ukutani,
na mikanda mitatu, dakika tatu kila mmoja,
isiyojua sauti.
"Semeni mtakalo," alituambia, "haisikii.
Ila msitembee kama mnaokwenda hospitali."

Kisa kilikuwa chepesi: mwizi, kidani, kadhi.
Lali mwizi, kwa ile miguu yake mirefu
na mdomo ambao haukuwahi kufunga duka.
Swabra kadhi, masharubu ya masizi ya chungu.
Kadzo mwenye nyumba, aliyelala na kofia ya jua
kwa kuwa aliipenda, na nani angemvua?
Mimi nasifiwa mwandiko.
Nikapewa kaa la moto uliozimika
na ubavu wa katoni ya sabuni,
niandike yale ambayo kamera haisikii.

Nikaandika. Hemed akaipiga, sekunde kumi nzima,
ufunguo ukilia krrr, panzi ndani ya kopo.
Ndipo Swabra akasoma kwa sauti, kidole hewani:

MWEZI AMEINGIA NDANI

Herufi moja.
Kimya cha kwanza tangu asubuhi.
Mkanda haufutiki, na Malindi nzima hakuna mwingine.
"Na hata kama ni mwezi," Swabra akasema,
masharubu yakimchuruzika kwa jasho,
"ni umeingia. Si ameingia."
"Basi mwezi huu ni mtu," Lali akajibu,
akapotelea jikoni, akarudi na sinia la shaba
amelifunga kisogoni kwa mtandio wa Kadzo.

Mwezi akapanda dirisha, goti likamkwama.
Mwezi akafungua kasha, akajivika kidani,
akala halua ya watu,
akanawa mikono, maana kalelewa vizuri.
Kadhi akatoa hukumu, nami nikaiandika kwenye katoni;
mbuzi akaila hukumu, makaa na yote.
Jua la saa nane likaligonga lile sinia,
na kwenye mkanda, hadi leo,
pale penye kichwa cha Lali pana mwanga mtupu.

Mkanda ulikwenda ng'ambo kusafishwa.
Ulirudi mwezi wa tano, Lali keshahamia Maskati.
Barua mbili. Kisha hakuna.

Juzi, harusi ya binti wa Swabra, nyumba ile ile,
tulitundika shuka baina ya nguzo mbili.
Hemed alichukua muda kuuingiza mkanda, vidole havimtii.
Mwishoni Lali anavua sinia,
anaitazama kamera, na anasema.
Anasema sana.
"Ananitukana," Hemed akacheka.
"Wapi! Anasema wali unaungua," akasema Kadzo,
na kweli uliungua, tulikula ukoko siku ile.
Swabra alitaja nusu ya jina, akaghairi,
akaenda kuulizia chai.
Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nimekumbatia katoni.
Nilisikia kila neno.
Silikumbuki hata moja.

Watoto hawakuwa na habari nasi. "Tena! Tena!"
Mjukuu wa Kadzo, wa darasa la pili,
akaifuata ile kadi kwa kidole, silabi kwa silabi,
kivuli cha mkono wake kikubwa juu ya shuka:
mwe-zi a-me-i-ngi-a nda-ni.
Akageuka, akatazama dirisha.

Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja,
kalamu nyekundu haijanitoka mfukoni.
Nilimwacha alivyosoma.